Siku Moja ya Chombo: Ushauri kwa Wenye Mashua wa Kilwa na Lindi

Mwenye mashua hapangi mwenyewe siku ya matengenezo. Hupangiwa na mwezi. Huku pwani ya Kilwa na Lindi chombo kidogo hakipelekwi karakana. Hupandishwa mchangani, maji yakapwa, mkuku ukaonekana, watu wakafanya kazi, kisha maji yakarudi kukichukua. Ukichelewa kuanza, umepoteza saa za kazi. Ukichelewa kumaliza, bahari itaingia kwenye kazi ambayo haijakamilika, wala haitauliza kama fundi alikuwa amekwenda dukani kununua misumari.

Makala haya ni kwa mwenye chombo chake binafsi: mashua au boti ya mbao ya mita sita hadi tisa, ya tanga au ya mashine ya kupachika nyuma. Ni chombo kinachovusha watu na mizigo kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani na Songo Mnara, kinachoingia mto Mavuji au Matandu kufuata samaki, au kinachovuka maji ya Lindi kwenda Kitunda, pale Lukuledi unapokutana na bahari. Wenye majahazi wana manahodha na mafundi wao. Wewe mwenye chombo kidogo ndiye nahodha, ndiye mhasibu, na ndiye mkaguzi.

Wengi wetu tumezoea kuahirisha. Chombo kikianza kuvuja, tunaongeza ndoo ya kukumbia maji. Kikizidi kuvuja, tunaongeza kijana wa kuishika ndoo. Tukibanwa kabisa ndipo tunakikokota juu na kukiacha mwezi mzima juani huku tukitafuta pesa ya fundi. Mwezi huo wenyewe ni hasara. Mbao zilizozoea maji hukauka, hujikunja na kuachana, na chombo kilichopanda na ufa mmoja hushuka na nyufa kumi.

Watu husema chombo cha kuzama hakina usukani. Ni maneno mazuri ya kuwaliwaza wafiwa, lakini hayamfai mwenye chombo anayepanga kazi yake. Chombo cha mbao hutoa ishara miezi kadhaa kabla ya kuzama: maji ya ngama huongezeka, misumari hulia kutu, rangi huvimba mahali pamoja. Ushauri wangu kwa hiyo ni mmoja. Kila baada ya miezi mitatu hivi, kipe chombo chako siku moja kamili. Ipange kwa maji, uanze kazi kutoka chini kwenda juu, na uwepo mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Soma mwezi kabla ya kumwita fundi

Bamvua la pwani yetu lina tabia moja inayowafaa mafundi. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maana yake ni kwamba bahari inakupa asubuhi nzima, yenye mwanga na jua la kukausha. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Siku hizo ni za kushona tanga na kutengeneza mashine, si za kugusa mkuku.

Ukilaza chombo mahali ambapo maji ya kujaa hufika kiuno hadi kifua, kitakaa pakavu tangu kwenye saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hizo ni saa nane, nawe zihesabu kuwa saba, kwa kuwa saa ya mwisho ni ya kukusanya vifaa na kungoja rangi ishike. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 40 hadi 50, kwa hiyo anayesema "tutamalizia kesho" ajue kwamba kesho ina saa zake.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa wageni wa kazi hii. Bamvua hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kisha maji huanza kurudi nyuma. Ukipandisha chombo siku ya kilele chenyewe, tena juu kabisa ya alama ya maji, kesho yake maji hayatakifikia. Kitakaa hapo takriban wiki mbili, mpaka bamvua linalofuata, nacho kitapasuka kwa jua ukikitazama. Pandisha siku ya mwezi kuandama au mwezi 15, wakati maji bado yanapanda. Hapo hata kazi ikizidi siku moja, una maji makubwa zaidi mbele yako ya kukushusha. Kumbuka pia kwamba mabamvua ya Machi na Septemba huwa makubwa kuliko ya miezi mingine, kwa hiyo alama uliyoizoea huenda isikufae.

Kwa kazi kubwa, ya kubadili ubao au kutoa kalafati yote, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Kusi limepungua nguvu na mvua za kusini hazijaanza. Kuanzia Desemba hadi Aprili fanya yale ya lazima tu, maana ubao wenye unyevu haushiki rangi. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku mbili kabla. Na siku yako ikiangukia Ijumaa, panga kazi ya fundi iishe kabla ya adhana ya adhuhuri, au chagua siku nyingine. Usimweke mtu njiani kati ya sala na maji yanayojaa.

Mahali pa kulaza chombo

Tafuta mchanga mgumu wenye mteremko mdogo, uliojificha na mawimbi. Epuka tope la mikoko. Tope humeza gadi, huuficha mkuku, na maji yakirudi huushika usitoke. Epuka pia mwamba, hata kama ni tambarare, kwa kuwa mawimbi madogo ya maji yanayorudi yatakigongesha chombo mara nyingi kabla hakijaelea. Pale Kivinje, ambako maji yakipwa hukimbia mbali na kuacha tope refu, uliza wavuvi wa hapo mchanga uko wapi. Wao wanaujua kwa nyayo.

Tembea mahali hapo maji yakiwa yamepwa, siku moja kabla. Ondoa mawe, chupa na vipande vya nanga za zamani. Pima kwa hatua upana wa chombo chako na uweke alama ya miti miwili, ili alfajiri usikilaze kwa kubahatisha gizani.

Jioni ya kuamkia kazi

Kazi ya siku moja hushindwa zaidi kwa vifaa kuliko kwa ufundi. Jioni ya kuamkia siku yenyewe panga kila kitu pwani: tezo, patasi, chembeu ya kukalafatia na nyundo yake ya mti, keekee au drili ya betri, msumeno, brashi ya waya na vikwanguo. Weka misumari iliyotiwa zinki ya saizi mbili, pamba ya kalafati, mafuta ya nazi au sifa, rangi, na kipande cha ubao wa akiba kilichokwisha kukauka. Usisahau gadi nne ngumu na mifuko ya mchanga ya kuzizuia zisiteleze. Chukua maji baridi ya kutosha, ya kunywa na ya kusuuzia mashine. Chukua pia chai na mihogo, maana fundi mwenye njaa hukalafati kwa haraka.

Kipakue chombo chote. Toa mafuta, nyavu, mawe ya uzito, mbao za sakafu na hata mlingoti ukiweza. Chombo kizito kikikalia mkuku bila maji ya kukibeba, taruma huumia. Tena huwezi kukagua ngama iliyofunikwa na makamba.

Kagua kabla ya kugusa

Chombo kikishatulia, tia gadi pande zote mbili kabla mtu yeyote hajaingia chini yake. Huu si ushauri wa kuchagua. Chombo kinacholala ubavu ghafla kinaweza kumuua mtu.

Kisha kwangua mwani na magamba upesi, yakiwa bado na maji, kwa sababu yakikauka huganda kama saruji. Osha kwa maji ya bahari, acha jua lipige, halafu zunguka chombo chote ukiwa na nyundo ndogo na kipande cha chaki. Zunguka mara moja bila kutengeneza chochote. Weka alama tu. Anayeziba tundu la kwanza analoliona hutumia asubuhi yake omoni, akafika tezini maji yakiwa magotini.

Adui wako wawili hufanya kazi kwa njia tofauti. Wa kwanza ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huingia akiwa mdogo mno, akaacha tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani akichimba kufuata urefu wa ubao. Nje ubao unaonekana mzima. Nilimwona fundi mmoja mzee pale Kivinje akigonga ubao wa chini kwa mpini wa tezo, polepole, taruma hadi taruma, sikio lake karibu na mbao. Akasimama. Kijana mwenye chombo akamwambia, "Babu, hapo pazima, rangi ni ya juzi." Mzee akajibu, "Mwanangu, rangi ni ya juzi, ubao ni wa marehemu." Akaweka ncha ya msumari na kugonga mara moja. Msumari ukazama mpaka kichwani, na ulipotolewa yakachuruzika maji mazito yaliyochanganyika na vipande vyeupe mithili ya maganda ya yai. Hivyo vyeupe ndivyo ganda la njia ya mdudu. Ubao wa namna hiyo haukalafatiwi, hutolewa.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Wengi hudhani chumvi ndiyo inayoozesha chombo, kumbe chumvi huhifadhi mbao. Kinachoozesha ni maji baridi yaliyotuama ndani: kwenye kona za taruma, chini ya sitaha ya omo, na pale fashini inapokutana na mkuku. Choma kona hizo kwa kisu. Mti mzima hukataa kisu. Mti uliooza hukipokea.

Hapa wenye vyombo vya mtoni wana faida na hasara yao. Mdudu wa baharini hapendi maji baridi, na chombo kinacholala muda mrefu juu ya Mavuji au Rufiji, ambako chumvi haifiki, husumbuliwa naye kidogo. Lakini si dawa ya siku mbili, kwa kuwa mdudu huyo huweza kuziba tundu lake na kuvumilia. Na maji yale yale yanayomfukuza ndiyo yanayoleta uozo. Chombo cha mtoni kikaguliwe zaidi ndani, cha baharini kikaguliwe zaidi nje.

Kalafati ni kazi ya subira

Sasa fundi aanze, na aanze na ubao ulio jirani na mkuku, kwa sababu huo ndio wa kwanza kurudiwa na maji. Kalafati nzuri huanza kwa kutoa ya zamani. Pamba iliyooza, mchanga na rangi ngumu vyote vikwanguliwe mpaka mti uonekane pande zote mbili za ufa. Anayebandika pamba mpya juu ya ya zamani amefunga mlango bila kufuli.

Pamba husokotwa pajani iwe uzi wenye unene unaolingana na ufa, ikalowekwa mafuta, kisha ikasukumwa ndani kwa chembeu. Tazama mkono wa fundi. Mapigo ya kwanza ni mepesi, ya kuikalisha pamba kwenye ufa wote kwa urefu wa mkono mmoja. Mapigo ya pili ndiyo ya nguvu, na sauti yake hubadilika: kutoka pigo butu hadi pigo linaloita. Likishaita, pamba imekaza, naye aache. Fundi anayeendelea kupiga baada ya hapo anausukuma ubao utoke kwenye taruma zake, na ufa alioziba hapa utafunguka kwenye ubao wa pili. Ndiyo maana kalafati haifai kulipwa kwa wingi wa pamba iliyotumika.

Acha pamba iingie ndani kidogo kuliko uso wa ubao, ndipo uzibe juu yake kwa mseto wa mafuta na chokaa au kwa dawa ya kuzibia ya dukani. Usijaze sana. Chombo kikirudi majini mbao zitavimba na kubana. Ukiwa umejaza mpaka juu, dawa yote itasukumwa nje. Na usipake saruji ndani ya ngama ili kuzuia uvujaji. Saruji haivimbi wala haipindi pamoja na mbao. Hufunga maji kati yake na ubao, na ukija kuivunja utakuta hakuna ubao tena.

Ubao, msumari na kibali

Ubao uliooza ukatwe mpaka kwenye taruma nzima, usikatwe katikati ya taruma mbili. Kiungo kinachoning'inia hakina pa kushika msumari. Mninga na mkongo hufaa kwa mbao za ubavu, na kwa taruma hutafutwa mti uliopinda wenyewe ukiwa msituni, kwa kuwa uzi wake hufuata mpindo na haukatiki. Toboa kwa keekee kabla ya kupigilia, hasa kwenye mti mgumu, la sivyo msumari utaupasua. Usichanganye misumari ya shaba na ya chuma ikiwa karibu karibu, kwani katika maji ya chumvi chuma kitaliwa upesi. Misumari ya nyumba isiyotiwa zinki isitumike kabisa, hata kwa kushikiza.

Kuhusu mti wenyewe, ogopa njia ya mkato. Mikoko ya pwani hii ni msitu wa hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mbao za dukani nazo ziwe na karatasi zake. Mikoko unayoikata kwa kujificha ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi pale unapolaza chombo chako, na ndiyo inayolea kamba na samaki unaowafuata.

Moto, deheni na rangi

Mafundi wa pwani wamekuwa wakipitisha moto wa makuti chini ya chombo tangu zamani. Moto huo hukausha mti na kuua wadudu walio karibu na uso. Bado unafaa, kwa masharti. Upite haraka, usikae mahali pamoja. Ufanywe kabla ya kalafati, si baada, kwa kuwa pamba yenye mafuta huwaka. Dumu la petroli na tangi la mashine viwe mbali, upande upepo unakotoka. Chombo kilichopakwa rangi ya dukani kisichomwe. Moshi wake ni sumu.

Baada ya hapo una njia mbili. Deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ni rahisi na kila fundi anaijua, lakini inabidi irudiwe kila baada ya miezi miwili mitatu. Rangi ya chini ya boti, ile ya kuzuia viumbe visigande, ni ghali ila hudumu zaidi. Chagua moja na uishike. Rangi haishiki juu ya shahamu, na anayebadilisha kila mara hutumia pesa mara mbili. Paka ikifika saa 6 mchana, ubao ukiwa umepata jua la kutosha. Sehemu za juu, ambazo hazikai majini, zipakwe sifa. Harufu yake haina adabu, lakini hulinda mti dhidi ya jua na mvua.

Wakati fundi anakalafati, wewe shika mashine

Usikae kivulini ukimtazama fundi. Ondoa mashine, iegeshe wima, na uifanyie yake. Fungua plagi uzisafishe au uzibadili. Mwaga oili ya gia uitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na kizuizi cha ekseli kimekwisha. Ondoa propela, kata nyuzi za nyavu zilizojizungusha nyuma yake, tia grisi, uhakikishe una pini ya akiba. Mito yetu hushusha magogo kila masika, na propela itakutana nayo.

Iwashe ikiwa kwenye pipa la maji baridi, uangalie kile kitundu kinachotema maji. Kikitema kwa nguvu, pampu ya kupoozea inafanya kazi. Kikidondosha tu, pampu imechoka au imeziba mchanga na tope, jambo la kawaida kwa vyombo vya mlangoni mwa mto. Pampu ni kifaa kidogo. Mashine iliyoungua ni mtaji mzima. Kama yako ni ya kuchanganya oili kwenye petroli, fuata kitabu chake. Kwa nyingi, uwiano ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Usikisie kwa kifuniko. Kile kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine kipo ili kiliwe badala ya mashine, kwa hiyo usikipake rangi, na kikibaki nusu kibadili.

Usalama na karatasi

Kabla maji hayajarudi, geukia vifaa vya kuokolea. Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu, si kwa kila abiria tu. Vuta kamba zake. Zilizooza hukatika mkononi. Kagua amari ya nanga mita kwa mita, maana hukatikia pale inaposuguana na ubao. Weka ndoo, makasia mawili na upondo hata kama una mashine mpya.

Hakikisha usajili na cheti cha ukaguzi cha Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, havijapitwa na wakati, pamoja na leseni ya halmashauri ikiwa unavua. Mkaguzi akija, mwonyeshe ubao uliobadilishwa, usimfiche. Na ujue kwamba matengenezo mazuri hayaongezi nafasi ya abiria. MV Nyerere iliyopinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200 ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Chombo kikavu kikizidishiwa watu huzama vilevile.

Zungumza pia na wenzako mapema kuhusu tufani. Kusini tulizoea kudhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, mpaka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na mvua zake zikakata barabara ya Lindi pale Somanga. Lindi ilikwisha kupigwa na kimbunga Aprili 1952. Juaneni ni mkono gani wa maji kati ya mikoko mtaingiza vyombo, nani ataanza, na nani ana nanga ya pili.

Maji yakirudi

Saa 8 mchana hivi maji yatagusa mkuku. Ingia ndani na tochi, ukae. Usishushe mzigo wala usiwashe mashine. Tazama mshono kwa mshono. Unyevu kidogo usikutishe, mbao bado hazijavimba. Maji yanayotiririka yawekee alama kwa ndani, na ikiwezekana fundi azibe hapo hapo kabla kina hakijafika ubavuni. Chombo kikielea, toa gadi, kiache kwenye nanga usiku mmoja kikiwa kitupu, ukipime maji ya ngama alfajiri. Safari ya kwanza iwe fupi na karibu, Masoko hadi Kisiwani na kurudi, kabla ya kufikiria Songo Songo.

Usiku huo huo andika kwenye daftari: tarehe, ubao uliobadilishwa, mshono uliovuja, saa za mashine, pesa uliyotumia. Baada ya mwaka daftari hilo litakuonyesha ni upande gani wa chombo unaokugharimu, na ukitaka kukiuza litakuwa shahidi wako. Bei ya fundi ipatane kabla, kwa kazi na si kwa siku, kisha umlipe pwani kabla hajakunja vifaa. Fundi aliyelipwa vizuri huja bamvua linalofuata bila kubembelezwa.

Mwisho, mchukue kijana wako siku hiyo, awe wa kiume au wa kike, ashike chembeu na kusikia pigo likiita. Katika kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye chokaa karne nyingi zilizopita, lakini hakuna mchoro unaofundisha kukalafati. Ufundi huu hupita mkononi, na mafundi wanaouweza wanazeeka. Tazama kalenda leo, tafuta mwezi 15 unaofuata, na mpigie fundi wako kabla mwenzako hajamchukua.